Mjukuu Wangu Anafanya Kazi Bure

12 Januari

Mume wangu,

Mkeo mzee nakusalimu. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi linagoma kama lina chama cha wafanyakazi. Shangazi yako hajambo, anakusalimu, ingawa tulinuniana wiki nzima kwa sababu alisema chai yangu ni maji ya kusuuzia vikombe. Nikamwambia akanywe kwake. Sasa anakunywa kwake na amani imerudi.

Simu aliyoninunulia shangazi yako nimemrudishia. Kila nikipiga, mwanamke ananiambia nibonyeze moja, nibonyeze mbili, na mimi sijamkosea kitu. Tutaandikiana. Nimeishia darasa la tatu lakini mkono ni wangu, sijawahi kumwomba mtu aniandikie. Ukiona kosa, nyamaza.

Nije kwenye jambo. Juzi nilikuwa dukani, redio ikasema serikali imesimamisha tena ajira, kwamba mishahara inakula bajeti. Mwenye duka akanitazama juu ya miwani.

"Mama, na yule wako wa hospitali je?"

"Wangu yuko kazini," nikamjibu. "Anapima damu za watu."

"Ameajiriwa?"

"Kwani unadhani anakwenda kule kuota jua?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Lakini njiani kicheko kikanikauka. Tangu umalize chuo ni mwaka wa pili, umeniambia habari za kila kitu, hata za paka wa hospitali, ila sijawahi kukusikia ukitaja mwisho wa mwezi. Mtu anayelipwa hutaja mwisho wa mwezi hata akiwa usingizini.

Mama yako alipofariki ulikuwa hujaota meno. Nimekulea, najua ukidanganya unaandikaje: unaandika kwa maneno mengi. Kwa hiyo nataka neno moja. Umeajiriwa au hujaajiriwa?

Mkeo asiyependa kuzungushwa,
Bibi


3 Februari

Mke wangu,

Shikamoo. Natumaini goti limeshakaa mezani na mwajiri wake wakaelewana. Mimi ni mzima. Bado nakaa kwenye chumba kile kile na mwenzangu mwalimu, yule anayekoroma. Mvua ikinyesha ukuta wa upande wangu unatoa maji, kwa hiyo tumesogeza vitanda mpaka vimegusana. Tunaonekana kama maharusi.

Neno uliloomba ni: sijaajiriwa. Hilo ni moja, usilihesabu vibaya. Sasa naomba uniruhusu maneno mengi, na yote ni ya kweli.

Maabara yetu ni chumba chembamba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jiko. Kuna darubini moja, na kiti kimoja cha kuzunguka ambacho hakizunguki. Kiti hicho kilikuwa cha mzee mmoja mpimaji aliyestaafu. Zamani mtu akistaafu aliajiriwa mwingine. Sasa mtu akistaafu nafasi yake inastaafu naye. Serikali inadaiwa, waliotukopesha wanataka ipunguze fungu la mishahara, basi kibali cha kuajiri hakitoki. Lakini wagonjwa hakuna aliyewasimamisha. Wanakuja kila asubuhi kama zamani, na sasa wameongezeka.

Daktari mkuu akafanya alichoweza. Anatupokea sisi tuliomaliza vyuo, tunaitwa wa kujitolea. Ukipita wodini, nusu ya makoti meupe unayoyaona hayana mshahara. Anatupa chakula cha mchana na ahadi: kibali kikitoka, atataja kwanza majina ya walio ndani. Ndiyo maana siondoki. Nikisimama kutoka kwenye kile kiti, kuna mwingine mlangoni atakaa kabla hakijapoa.

Usiniulize ninaishije. Ninaishi.

Bibi, naomba haya yabaki kwako. Kule juu wizarani, kwenye karatasi zao, sisi hatupo. Tukijulikana tupo, sijui itakuwaje.

Mumeo,
wa maabara


26 Februari

Mume wangu,

Barua yako imefika leo kwa sababu leo ni Alhamisi. Posta yetu sasa inafunguliwa Alhamisi tu. Yule dada wa dirishani amehamishwa na hawakuleta mwingine. Anakuja bwana mmoja kutoka mjini, anafungua, anatufokea, anafunga. Na yeye nadhani nafasi yake ina homa.

Nyumbani hatujambo. Shangazi yako ameanza kusuka mikeka, mkeka wa kwanza umepinda kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa jino, lakini nimemsifu. Uzee unanifundisha uongo.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama.

Mimi nimesugua sakafu za ofisi ya barabara tangu baba yako yuko mgongoni mpaka nywele zikabadilika rangi. Mwisho wa mwezi nilipanga foleni na wahandisi. Dirisha lilikuwa moja. Aliyechora barabara na aliyesugua chini ya meza yake, dirisha moja, na mimi nilikuwa nawaambia wasinisukume. Sikuwa na cheti hata cha kubatizwa. Wewe una cheti chenye muhuri na picha, unapima damu, unamwambia mtu ataishi au hataishi, halafu unapewa sahani ya chakula?

Kujitolea ni kwenda kuzima moto kwa jirani. Moto ukizimika unarudi kwako. Hakuna mtu anayezima moto mwaka wa pili.

Unasema kule juu wasijue. Mimi nakuuliza, wasipojua watalipaje? Mnajificha kama wezi, kumbe mnaoibiwa ni nyinyi. Huyo daktari wenu anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa na nyinyi mnasema asante, tumeng'aa.

Halafu usiniambie nisiulize unaishije. Shati gani unavaa? Unakula nini jioni, maana chakula ni cha mchana? Hapo hukuandika kitu.

Tarehe ishirini na mbili mwezi ujao anakuja afisa wa wizara ya fedha kuwaeleza wananchi bajeti, kwenye ukumbi wa halmashauri. Tangazo wamelibandika kila mahali, hata kwenye mlango wa posta. Nitakwenda. Kusikiliza tu.

Bibi yako mwenye hasira


18 Machi

Mke wangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo, nami naandika nikiwa nimesimama, kama wewe ulivyosoma.

Nina habari njema, na ni ya kwanza tangu nianze. Daktari mkuu aliniita ofisini akafunga mlango. Mwaka mpya wa fedha ukianza Julai, hospitali yetu itapewa nafasi chache, na moja ni ya maabara. Ameshapeleka jina langu. Alisema, "Kijana, usiumwe, usigombane na mtu, usisafiri." Sijawahi kumwona akitabasamu, ana pengo.

Kwa hiyo nakuomba, Bibi, kwa heshima zote: kwenye huo mkutano usiseme neno. Kaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mtu akikuuliza mjukuu wako yuko wapi, sema yuko mjini. Kinachotuweka hapa ni kwamba hakuna anayeuliza. Siku mtu wa wizara akimuuliza daktari mkuu hawa ni nani, hana jibu la kumpa. Najua unaona ni woga. Ni woga. Lakini ni woga wa mpaka Julai tu.

Naipeleka mwenyewe posta kuu ili iwahi.

Jioni nakula mkate. Shati ni lile la bluu.

Mumeo,
anayekuomba


23 Machi

Mume wangu,

Leo sina habari ya goti wala ya shangazi yako. Kaa chini.

Jana nilikwenda ukumbini. Nilivaa ile nguo yangu ya kustaafia. Watu walijaa mpaka madirishani, joto la kuivisha ndizi. Afisa alikuwa kijana mwembamba, sauti nzuri, hana dharau, hilo nitasema. Alitundika karatasi kubwa yenye duara lililokatwa vipande, akasema hiki kipande ni madeni, hiki ni mishahara, hiki ni dawa na shule na barabara. Kipande cha mwisho ungempa mtoto, angelia aongezewe.

Akasema, "Ndugu wananchi, serikali inafunga mkanda."

Mama mmoja nyuma akauliza, "Kiuno cha nani?"

Ukumbi ukalipuka. Hata yeye akacheka, akafuta jasho. Akasema tuvumilie, ajira zimesimama kwa muda tu, huduma hazijaguswa, hospitali zinafanya kazi kama kawaida. Nilikuwa nimekaa kimya, naapa, mikono iko mapajani. Lakini aliposema kama kawaida, nikajikuta nimesimama. Goti lenyewe halikulalamika.

Nikasema, "Mwanangu, wanaofanya hiyo kazi kama kawaida wanalipwa na nani?"

"Na serikali, mama."

"Wote?"

"Wote. Hakuna mtu anayefanya kazi katika hospitali ya serikali bila mshahara. Sheria hairuhusu."

"Basi mjukuu wangu ni jini," nikasema.

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nikawaambia msicheke, sikilizeni. Mjukuu wangu ana cheti cha maabara. Mwaka wa pili sasa anapima damu za watu kwenye hospitali yako, na hajawahi kushika mshahara wako. Si yeye peke yake, nusu ya wodi ni majini watupu. Umetuletea duara hapa, tuonyeshe hao wamekaa kipande gani?

Mume wangu, walinipigia makofi. Mwenye duka alisimama juu ya benchi. Yule bwana wa posta, anayetufokea, alipiga miluzi.

Afisa hakukasirika. Alishuka jukwaani, akaja mpaka nilipo, akaniuliza ni hospitali gani. Nikamtajia. Akauliza jina lako. Nikamtajia, na la baba yako, akaandika, akanisomea nione kama amekosea. Akasema, "Mama, hili jambo haliwezi kuachwa hivi. Nitalifuatilia mwenyewe." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Sasa umejulikana. Miaka miwili mnanong'ona, na ajuza wa darasa la tatu amelimaliza kwa dakika moja. Usinishukuru. Nunua shati.

Mkeo


10 Aprili

Mume wangu,

Salamu. Huku hatujambo. Mvua zimeanza vizuri.

Barua yako ya tarehe kumi na nane Machi nimeipata jana. Bahasha ina mihuri ya miji miwili, inaonekana ilipelekwa kwingine kwanza.

Nimeisoma.

Yule afisa alikuwa mtu wa heshima, nilikuandikia. Mtu mwenye nia mbaya hashiki mkono wa mzee kwa mikono miwili. Huenda hata hiyo Julai wataileta karibu. Daktari wenu naye ni mwoga kupita kiasi, watu wenye pengo ndivyo walivyo.

Shangazi yako ananiuliza kwa nini sili. Nakula. Nipe habari zako, hata mbili tatu. Ukijibu haraka barua itaiwahi Alhamisi.

Bibi


15 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na shangazi hamjambo na mvua haikuharibu paa. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Barua zako zote mbili nilizipata.

Mwenzangu wa chumba anawasalimu. Ukuta tumeuziba kwa nailoni, sasa hautoi maji sana.

Sipo maabara tena. Walikuja wakaguzi watatu, watu wapole, wakakaa siku nzima. Walimuuliza daktari mkuu kila mmoja wetu ni nani. Wiki iliyofuata likaja agizo kwamba ni marufuku mtu asiyelipwa kufanya kazi katika hospitali ya serikali, na anayemruhusu atawajibika. Tulikusanywa uani asubuhi, wote wa kujitolea, wauguzi, wapimaji, dada wa duka la dawa. Daktari mkuu alisoma agizo bila kuinua macho. Hakutupa barua ya kuachishwa kazi, maana hatukuwahi kuwa na barua ya kuajiriwa. Tulivua makoti tukayaweka kwenye meza moja. Langu lilikuwa la kwangu, nililinunua chuoni, lakini niliona aibu kulirudia.

Maabara imefungwa. Anakuja mpimaji kutoka hospitali nyingine akipata nafasi. Siku ile natoka kulikuwa na mama kwenye benchi na mtoto mwenye homa, akaniuliza, "Majibu yatatoka saa ngapi?" Damu ya mtoto nilikuwa nimeshaipaka kwenye kioo asubuhi. Sikuruhusiwa kurudi ndani kuisoma. Nilimwambia asubiri.

Bibi, hukusema uongo. Kila ulichosema pale ukumbini kilikuwa kweli, na yule afisa alifanya alichokuahidi. Kama tatizo ni watu wasiolipwa, kuna njia mbili za kulimaliza, na moja haina gharama.

Baadhi ya wenzangu wamejua ni jina gani lilitajwa. Kuna dada wa wodi ya wazazi aliyekuwa na miaka minne pale. Tulipokutana barabarani jana alivuka upande wa pili. Simlaumu.

Napata vibarua. Usiwe na wasiwasi. Nawaombea afya.

Mjukuu wako


6 Juni

Mume wangu,

Naandika mume wangu ingawa wewe umeanza kuniita Bibi mpendwa. Nimeona. Nimeishia darasa la tatu lakini hilo nimeliona.

Kwanza jambo moja, tulimalize. Shangazi yako ananifariji kwamba ni kosa la posta, kwamba barua yako ya Machi ingewahi ningenyamaza. Nilimwacha aseme siku nyingi kwa sababu ilikuwa inanipoza. Lakini Februari ulikuwa umeshaniandikia, haya yabaki kwako. Hiyo ilifika. Niliisoma nikiwa na akili zangu zote. Nikaona wewe mtoto, hujui kusema, ngoja mimi niseme. Posta haina kosa hapo.

Sasa nikwambie nilichofanya. Nilipanda basi nikaenda mkoani, kwenye ofisi ya yule afisa. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka miguu ikafa ganzi. Alipotoka aliniona akafurahi kweli.

"Mama wa majini!" akaniita. Akawaambia wenzake, "Huyu ndiye yule mama niliyewasimulia." Wakaja kunisalimu mmoja mmoja. Akaniletea maji ya chupa.

Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja kukwambia kwamba siku ile nilisema uongo."

Akashangaa. "Uongo gani?"

"Wote. Mimi ni mzee, kichwa kimelegea. Mjukuu wangu sijui hata yuko wapi. Futa ulichoandika."

Unanijua. Katika umri huu hakuna mtu aliyewahi kunisikia nikijiita mwongo. Nimewapiga watu kwa ajili ya neno hilo. Nililisema mbele ya makarani waliolingana na wewe, mmoja alikuwa anakula andazi.

Akasema kwa upole, "Mama, tulikagua. Ulisema kweli tupu. Umetusaidia sana, tumesafisha hospitali zote za mkoa ule. Sasa hakuna hata mtu mmoja anayefanya kazi bila mshahara."

"Basi mrudisheni."

"Kumrudisha ni kumwajiri, mama. Kuajiri kunataka kibali, kibali kinataka fungu, na fungu mwaka huu halipo."

"Na kumtoa kulitaka nini?"

Akafikiri. Hakuwa ananidhihaki, alifikiri kweli. Akasema, "Kumtoa hakukutaka fedha."

Nilikuwa na maneno. Nilikwenda na mengine ya akiba. Nilikunywa maji yao nikaondoka, na kijana wa andazi akanifungulia mlango.

Njoo nyumbani. Kitanda chako kipo. Shangazi yako ametandika mkeka wake uliopinda, anasema wewe hutaucheka.

Bibi


20 Julai

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Asante sana kwa barua yako na kwa taabu uliyoipata ya safari. Haikuwa lazima ujisumbue, hasa kwa goti lile. Natumaini ulifika nyumbani salama. Mpe shangazi salamu zangu na umwambie nashukuru kwa mkeka.

Mwaka mpya wa fedha umeanza. Nilikwenda hospitali kusoma ubao wa matangazo. Nafasi chache zimetoka kweli, kama alivyosema daktari mkuu, lakini ya maabara haimo. Karani wa utumishi ni mtu mwema, alinieleza. Nafasi hugawiwa kwa kuangalia vipimo vilivyofanyika. Tangu tulipotoka karibu hakuna vilivyofanyika, kwa hiyo kwenye hesabu zao inaonekana hospitali haina haja ya mpimaji. Nafasi imepelekwa kwingine. Daktari mkuu naye amehamishwa. Wanasema amepunguziwa cheo, sina hakika.

Mwenzangu mwalimu amerudi kwao, shule yake ilikuwa inamlipa kwa michango ya wazazi na wazazi hawana tena. Nimebaki na chumba. Napakia saruji kwenye maghala ya reli. Tunafika alfajiri, msimamizi anachagua kwa kutazama mabega, na mara nyingi nachaguliwa. Sina malalamiko.

Kuhusu kuja nyumbani, nashukuru, lakini kwa sasa sitaweza. Tafadhali usijilaumu kwa lolote. Ulifanya kwa upendo na nia njema. Nitaendelea kukuheshimu na kukushukuru kwa malezi uliyonipa.

Nakutakia afya njema wewe na wote nyumbani.

Mjukuu wako mtiifu


14 Agosti

Mume wangu,

Sisalimii.

Shangazi yako anasema nianze na habari za nyumbani. Habari za nyumbani ni kwamba sitoki. Nikienda dukani mwenye duka ananiita shujaa, ananipa kiti, anawasimulia wageni habari ya majini, na wageni wanacheka pale pale ambapo ukumbi ulicheka. Anaisimulia vizuri kuliko nilivyoisema. Wiki iliyopita nilimwambia anyamaze, akadhani naona haya ya kusifiwa. Sasa anayenunua chumvi ni shangazi yako.

Barua yako ya Julai naijua kwa moyo. Nimeipekua kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro. Natafuta mahali uliponikasirikia. Hakuna. Kila mstari umenyooshwa kwa pasi. Tafadhali, nashukuru, natumaini. Hata ulipoandika saruji uliiandika kwa adabu. Karani mwema, wakaguzi wapole, afisa mtu wa heshima, na mimi mwenye nia njema. Katika jambo lote hili hakuna mtu mbaya hata mmoja, na wewe uko ghalani unachaguliwa kwa mabega kama ng'ombe.

Wao huwezi kuwakasirikia, najua. Utamfokea nani, lile duara? Lakini mimi nina jina na anwani.

Shangazi yako anataka niandike pole. Nimejaribu kwenye karatasi nyingine, nikaichana. Pole ni ya mtu aliyefiwa na ndugu wa mbali. Sikuombi msamaha pia. Ukinisamehe sasa hivi, kwa mwandiko huo mzuri, utaweka barua kwenye bahasha, utaifunga, na mimi nitakuwa nimefungwa humo. Utanitumia salamu kila baada ya miezi mpaka nife, na kila moja itanitakia afya njema.

Sitaki kuheshimiwa. Nilikulea kwa matusi na hakuna hata moja ulilolisahau, nilikuwa nakusikia ukimtukana mbuzi. Yaandike. Niambie nilikuomba unyamaze, ajuza wewe, mara mbili nilikuomba. Niambie makofi yalikulevya. Niambie kile kiti uliipata wapi haki ya kukitoa kwa watu, kilikuwa changu. Taja yule mama wa benchi na mtoto wake, uniulize nani alimsomea damu. Mwite yule dada wa wodi aliyevuka barabara, mlete, aniseme naye. Karatasi ikiisha, andika pembeni.

Mimi sijui kukaa kimya, umeona gharama yake. Lakini nitasoma yote.

Anza wewe, neno lolote. Nitajibu, unanijua.

Bibi yako